Uzi maalumu: Gari lisilo na kiti cha bosi. Kwa nini magari ya spoti ya kifahari yanatushika moyo hata sisi wa Dodoma

MtotoWaKisasa (mtoa uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila likitajwa Ferrari, Lamborghini au Porsche, wachangiaji wanagawanyika papo hapo. Kundi moja linahesabu pesa, kundi la pili linahesabu mashimo ya barabarani. Gari lenyewe haliongelewi. Leo naomba tuliongelee gari. Mimi ni mtu wa kipato cha kawaida, niko mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, sina Ferrari wala sina mpango wa kuinunua, lakini magari haya nayapenda toka moyoni na nina hoja ya kuyatetea.

Hapa Dodoma gari la kifahari lina maana moja tu: shangingi. Toka serikali ihamie huku, simama asubuhi barabara ya kwenda Mtumba uone. Land Cruiser baada ya Land Cruiser, namba za serikali, vioo vyeusi. Ni gari zuri sana, na anayelibeza hajawahi kukwama kwenye tope la Bahi mwezi wa pili. Ila tazama limepangwa kwa ajili ya nani. Mwenye heshima zake kakaa nyuma kushoto na mafaili yake. Aliyeshika usukani ni mtumishi, yuko kazini. Fahari yote ya lile gari iko kiti cha nyuma, na sehemu kubwa iko nje kabisa, kwa wanaopisha njia.

Gari la spoti la kweli limeupindua mpangilio huo. Chukua Ferrari F40 ya mwaka 1987. Ina viti viwili. Haina zulia, na mlango unaufungulia kwa kuvuta kamba. Hilo ndilo gari la mwisho Enzo Ferrari mwenyewe aliloliidhinisha kabla hajafariki mwaka 1988, na kwa bei yake wangeweza kuweka ngozi na mbao kila kona. Waliviacha kwa sababu kila kilo waliyoipunguza iliongeza uhai wa gari mikononi mwa dereva. Tajiri anayetaka raha ya F40 lazima ashike usukani mwenyewe, atoke jasho, aogope kidogo. Hawezi kumtuma mtu.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni McLaren F1. Aliyelibuni, Gordon Murray, ni Mwafrika mwenzetu kwa kuzaliwa, katoka Durban. Kiti cha dereva amekiweka katikati kabisa ya gari, abiria wawili wanakaa kulia na kushoto, nyuma kidogo. Hakuna pawa stelingi, hakuna breki za ABS. Injini ni V12 (silinda kumi na mbili) ya lita 6.1 kutoka BMW, na chumba cha injini kimebandikwa karatasi ya dhahabu halisi kwa sababu dhahabu hurudisha joto vizuri. Murray hakuwa akiwinda rekodi ya mwendo. Aliwinda wepesi, akapata gari la kilo 1,138 hivi, yaani halijaizidi sana IST ya mtaani, lenye nguvu farasi zaidi ya 600. Rekodi ikaja yenyewe: kilomita 386 kwa saa mwaka 1998. Yalitengenezwa magari 106 tu, ukichanganya ya barabarani na ya mashindano.

Sasa kuna ndugu watasema mvuto wote ni spidi. Panda SGR kutoka Dar kuja Dodoma. Treni inagusa kilomita 160 kwa saa, nawe umekaa unaperuzi simu, jirani yako kasinzia tangu Morogoro. Mwili haupati habari yoyote kwamba unakimbia. Na siku hizi magari ya umeme yamefanya mchomoko kuwa jambo rahisi mno. Tesla Model S Plaid ina milango minne na nafasi ya watoto nyuma, lakini kwenye mchomoko wa kutoka sifuri mpaka 100 inaziacha Ferrari nyingi zilizokuwa zikitundikwa ukutani kwenye mabango. Kama spidi ingekuwa ndiyo siri, watu wangekuwa wameshaisahau F40. Badala yake bei yake inapanda.

Kinachotushika ni jinsi gari linavyomjibu mtu. Hili lina ufundi wake, si maneno matamu. Angalia injini imewekwa wapi. Jaribu kugeuka haraka ukiwa umebeba gogo refu begani, kisha geuka ukiwa umekumbatia mzigo wa uzito uleule kifuani. Ndiyo maana Lamborghini Miura ya mwaka 1966 iliushangaza ulimwengu: V12 nzima wameilaza kwa upande nyuma ya mgongo wa dereva, uzito wote ukakaa katikati ya tairi. Mpaka hapo V12 za Ferrari za barabarani zilikuwa zinakaa mbele.

Na hapo naomba nikae kidogo, maana historia ya Lamborghini inatuhusu watu wa mikoa ya kilimo. Ferruccio Lamborghini alikuwa mtengeneza matrekta. Mtoto wa mkulima, aliyefanya umakanika jeshini wakati wa vita, akaanza kuunda matrekta mwaka 1948 kwa mabaki ya mitambo ya kijeshi. Alipotajirika akanunua Ferrari, na inasimuliwa kwamba klachi ilimsumbua, akaenda kumlalamikia Enzo, akaambiwa arudi kwenye matrekta yake. Mwaka 1963 akafungua kiwanda cha magari Sant'Agata Bolognese, mwendo mfupi tu kutoka Maranello kwa Ferrari. Miura yenyewe ilianzishwa na wahandisi vijana, Dallara na Stanzani, wakifanya kazi usiku baada ya saa za kazi kwa sababu hawakuwa wameambiwa waifanye. Bodi ikachorwa na Marcello Gandini wa studio ya wachora magari ya Bertone, aliyekuwa bado kwenye miaka yake ya ishirini. Matrekta ya Lamborghini yapo hadi leo, ingawa kampuni hiyo ya matrekta iliuzwa mwaka 1973. Trekta na Miura zimetoka kwenye kichwa kimoja, na mimi sioni ajabu yoyote hapo. Anayejua jembe la trekta linavyovuta anaijua torki, yaani nguvu ya mzunguko wa injini.

Porsche 911 nitaigusa tu, maana ina wafuasi wake na watakuja. Ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 ikiitwa 901, Peugeot wakapinga kwa kuwa namba zenye sifuri katikati walizihodhi wao, ikawa 911. Injini iko nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo kitaalamu ni pabaya. Wajerumani wamekaa zaidi ya miaka 60 wakiunyoosha ubaya huo bila kuhamisha injini. Ubishi wa namna hiyo nauheshimu.

Sasa sauti. Lexus LFA (Lexus ni chapa ya Toyota), iliyotengenezwa kati ya 2010 na 2012, magari 500 basi. V10 ya lita 4.8 inayozunguka mpaka mara 9,000 kwa dakika. Inapanda haraka kiasi kwamba mshale wa kawaida wa RPM usingeweza kuifuata, wakalazimika kuweka wa kidijiti. Sauti yake waliikabidhi Yamaha, wale wa vyombo vya muziki, wakapanga jinsi mlio wa injini utakavyomfikia dereva. Na baadhi ya sehemu za bodi yake ya kabon walizifuma kwa kitanda cha kufumia cha mviringo, kwa sababu Toyota kabla ya kuwa kampuni ya magari ilitoka kwenye ukoo wa mashine za kufuma nguo. Kampuni hii ndiyo iliyotengeneza IST, Vitz na lile shangingi la Mtumba. Sikiliza mlio wa LFA kwenye spika nzuri, halafu urudi hapa uniambie kama bado unahesabu pesa.

Karibuni.

Kibaigwa_Mahindi

Mkuu, umeandika kitu kizito na nimekisoma chote. Lakini mimi ni mtu wa shamba na nitasema ninavyoona. Toka Kibaigwa mpaka Dodoma mjini kuna matuta ambayo hata Noah iliyojaa inagusa. Hilo Lamborghini lina nafasi ya vidole vingapi chini? Halafu kuna jambo la pili ambalo ni zito zaidi kwangu. Kuna vijiji Dodoma hii mama anaamka saa kumi usiku kutafuta maji. Hela ya gari moja la aina hiyo inachimba visima vingapi? Siandiki kwa chuki. Nauliza kwa sababu linanikera kweli.

FundiNkuhungu

Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Mimi ni fundi, mikono yangu iko kwenye oili kila siku, na nimefurahi mtoa mada amegusa Toyota, kwa sababu hapo ndipo sisi wa huku tunakutana na haya magari kweli.

Vijana wanamsujudia Supra ya miaka ya 1993 mpaka 2002. Injini yake ni 2JZ-GTE, silinda sita kwa mstari, lita 3.0, tabo mbili, bloku ya chuma cha kusubu. Viwanda vya Japani vilikuwa na makubaliano kwamba hakuna gari la kuuzwa kwao litakalotangazwa zaidi ya nguvu farasi 280, na makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004. Kwa hiyo kwenye karatasi inasomeka 280, lakini ile bloku ilijengwa kuvumilia mara mbili ya hapo na zaidi. Ndiyo maana jina lake limekuwa kubwa.

Sasa wadogo zake wako mitaani kwetu. Mark II ya JZX110, Crown za JZS, Verossa, Aristo. Ukifungua boneti ukakuta 1JZ au 2JZ, hata kama ni isiyo na tabo, unatazama ukoo mmoja na wa Supra. Nimeshika 1JZ zilizotembea sana, mwenyewe hajawahi kufungua kichwa, ukiiwasha inatulia. Hizo injini zinastahili heshima. Watu wanazichakaza kwa oili ya bei rahisi na maji ya bomba kwenye rejeta, halafu wanasema gari la zamani limechoka.

MzeeWaKondoa

Wanangu, marahaba.

Huyu kijana wa Kibaigwa ameuliza nafasi ya chini. Ngoja niwakumbushe jambo ambalo umri wenu haukuliona. Mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally) yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara zilikuwa vumbi na tope tupu. Sisi tukiwa wadogo tulisikiliza matokeo redioni kama mnavyofuatilia mpira leo. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa kwetu Tanzania, kwa Peugeot 404. Ndiyo maana Peugeot ilikuwa jina kubwa kwa wazee wenu wote.

Halafu mwaka 1971 ikaja Datsun 240Z. Lile ni gari la spoti kamili, milango miwili, pua ndefu, limekaa chini. Watu walisema litaachwa porini. Likashinda. Mwaka 1973 likashinda tena, likiendeshwa na Shekhar Mehta, ambaye baadaye alikuja kushinda Safari mara tano kwa jumla. Porsche nao walihangaika na Safari miaka mingi bila kuipata. Mwaka 1978 911 yao ilimaliza ya pili nyuma ya Peugeot 504. Kwa hiyo msiseme magari haya hayaijui ardhi yetu. Yamekuja, yamepigwa, mengine yameshinda.

MtotoWaKisasa

Mzee wangu shikamoo, na asante mno. Umenipa jibu la nusu ya swali la ndugu yangu wa Kibaigwa.

Nusu ya pili: Porsche hawakuisahau hiyo historia ya kuchafuka. Mwaka 2022 walitoa 911 Dakar, magari 2,500, imeinuliwa sentimita tano kuliko Carrera yenye shokapu za spoti, na ukibonyeza kitufe inapanda sentimita tatu nyingine. Mwaka uleule Lamborghini wakaitoa Huracán Sterrato, V10 ya kukimbia kwenye vumbi. Viwanda vyenyewe vimekiri kwamba lami nyororo si dunia yote.

Ila nakubali kwamba Dodoma ina masharti yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu moja ya kumi ya nguvu zake hapa. Yenye tabo inafidia kwa kusukuma hewa zaidi. Vumbi letu nalo, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua zianze, linaua filta ya hewa kwa kasi ambayo kitabu cha gari cha Ulaya hakikuiandika. Mwenye gari la thamani hapa abadilishe filta kwa kuiangalia, asisubiri kilomita.

Kuhusu visima. Hilo siwezi kulijibu kwa haraka na sitaki kulikwepa. Mama anayeamka saa kumi usiku ana haki ya kuja kwanza, na kama hela ya umma ingeenda kununua gari la namna hii ningekuwa wa kwanza kupiga kelele. Ninachotetea ni kile kinachozaliwa pale watu wanaporuhusiwa kutengeneza kitu kwa ubora wa mwisho kabisa. Jaguar walishinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 na breki za diski. Leo kila IST inayobeba wanafunzi kwenda Udom ina diski mbele. Kazi ilianzia kwenye gari ambalo mkulima wa wakati ule asingeweza kuligusa. Sisemi hilo linachimba kisima. Nasema siyo anasa tupu.

Kibaigwa_Mahindi

Nimekuelewa mkuu. La breki sikuwa nalijua. La maji bado naliweka hapohapo nilipoliweka, lakini tuendelee.

DerevaMtumba

Mtoa mada, nakuheshimu, ila pale uliposema aliyeshika usukani wa shangingi ni mtumishi tu, hapana. Mimi nimeendesha hayo magari miaka mingi, na naomba uniazime sikio.

Bosi akiwa nyuma, kazi yangu ni kumfanya asijue kama kuna kona. Unashika breki mapema, unaiachia taratibu kabla gari halijasimama ili lisipige kichwa. Unaisoma barabara ya Iringa ukishuka kuelekea Mtera, unajua wapi mbuzi wanavuka, wapi lori litatanua. Ile ni raha ya usukani vilevile, ila ni ya kimyakimya. Na ninapomshusha uwanja wa ndege nikarudi peke yangu, gari linakuwa jepesi kwa namna nisiyoweza kuieleza. Kwa hiyo dereva wa shangingi naye ana moyo wa dereva. Tofauti ni kwamba gari halikutengenezwa likimfikiria yeye.

Mara moja niliwahi kuruhusiwa kushika Porsche ya mtu, Dar, njia ya Bagamoyo, asubuhi ya Jumapili. Sikuzidisha spidi ya bango. Nilichoshangaa ni usukani. Mikono ilikuwa inaambiwa kila kitu: hapa lami imebadilika, hapa kuna mchanga kidogo, tairi la kushoto limegusa mstari mweupe. Kwenye shangingi la V8 habari hizo zinaishia kwenye shokapu ili bosi asisumbuke. Pale zote zililetwa kwangu. Ndiyo nikaelewa watu wanalipia nini.

MtotoWaKisasa

Kaka, hii post yako ndiyo uzi wenyewe. Sentensi ya "gari halikutengenezwa likimfikiria yeye" ndiyo nilikuwa naitafuta kote huko juu.

KijanaSabasaba

Mimi nina Mark X ya 2.5. Nimeshusha, nimekata ekzosi, nimeweka rimu za 19. Je, naweza kusema nina gari la spoti?

FundiNkuhungu

Mdogo wangu, nitakujibu kwa upendo. Mark X yako ilitoka kiwandani na V6 ya 4GR, nguvu zaidi ya farasi 200, inasukuma kwa tairi za nyuma, na miguu ya mbele ya wishiboni mbili ambayo sedani nyingi za bei hiyo hazina. Tayari ulikuwa na gari zuri la dereva.

Umeshusha vipi? Kama umekata springi, ondoa leo. Springi iliyokatwa inagonga mwisho wa shokapu kwenye kila tuta, gari linaruka badala ya kushika, na siku utakapokwepa bodaboda kwa ghafla halitakuokoa. Springi fupi za kiwandani zipo, zinakuja na shokapu zake. Na kukata ekzosi hakukuongezea nguvu, kumekuongezea makelele na labda kumekuondolea torki ya chini. LFA aliyoisema mtoa mada ilichukua wahandisi wa sauti. Msumeno wa chuma haufanyi kazi ya Yamaha. Rimu za 19 nazo ni nzito, breki zinachoka, na kwa mashimo ya Nkuhungu utazinyoosha kila mwezi. Rudi kwenye 17 au 18, weka tairi bora kuliko zote unazoweza kulipia, badilisha bushi zote, weka maji ya breki mapya. Ukimaliza hapo njoo uniambie kama hujapata gari jingine.

BintiIyumbu

Habarini kaka zangu. Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni mwajiriwa, sina familia bado, na kwa muda mrefu nimeweka akiba nikitaka Toyota 86, ile ya milango miwili. Nyumbani wananiambia ninunue Rav4 kama wenzangu. Naomba ushauri wa kweli: ni kichaa? Na ushuru ukoje?

MtotoWaKisasa

Dada, si kichaa hata kidogo. Katika magari yote yaliyotajwa kwenye uzi huu, 86 ndiyo iliyobeba wazo hili kwa bei ambayo mwajiriwa anaweza kuipangia. Ilitoka 2012. Injini ya lita 2.0 ya silinda zilizolala ni ya Subaru, na pacha wake ni Subaru BRZ. Nguvu farasi 200, uzito kama kilo 1,230, tairi za nyuma ndizo zinasukuma. Toyota waliifunga tairi za kawaida, za aina iliyokuwa ikifungwa pia kwenye Prius, makusudi kabisa, ili dereva aanze kuyahisi mambo kwenye spidi ndogo. Hilo ndilo linaloifaa Dodoma. Mjini kikomo chetu ni 50, tochi za trafiki ziko kila upande, na barabara ya mzunguko ina malori na ng'ombe, haikujengwa kwa mashindano. Gari linalokupa raha ukiwa kwenye 60 lina thamani kwako kuliko Bugatti Veyron, ambayo ikiachiwa mpaka mwisho wake wa kilomita 400 na ushee kwa saa inamaliza tangi lote la lita 100 ndani ya robo saa.

Ushuru sasa. Tuseme thamani ya gari kwa forodha, pamoja na usafiri na bima mpaka Dar, ni milioni 20. Ushuru wa forodha asilimia 25, milioni 5, unafika 25. Injini ya zaidi ya cc 1,000 isiyozidi cc 2,000 ina ushuru wa bidhaa asilimia 5, hiyo ni 1,250,000. Kwa kuwa limezidi miaka 10, kuna asilimia 30 ya uchakavu, milioni 7.5. Jumla 33,750,000. Hapo inapigwa VAT asilimia 18, ambayo ni 6,075,000. Umefika karibu milioni 39.8, bado tozo ndogondogo, usajili na wakala wa bandarini. Kwa kifupi, jipange kulipa gari mara mbili. Ukienda kwenye Nissan Fairlady Z ya lita 3.5, ile asilimia 5 inakuwa 10. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kumtumia muuzaji hata shilingi, kwa sababu TRA wana thamani yao wenyewe ya kila gari na haijali umelinunua kwa bei gani. Gari lenye umri wa kati ya miaka 8 na 10 linatozwa asilimia 15 ya uchakavu badala ya 30, kwa hiyo wakati mwingine la karibuni linatoka sawa na la zamani. Na chukua bima kubwa. Bampa la mbele la 86 ukiligonga, hulikuti dukani Dodoma.

FundiNkuhungu

Dada, naongezea ya gereji. 86 za 2012 na 2013 zilirudishwa na kiwanda kubadilishiwa springi za valvu, na kazi hiyo inataka injini ishushwe na ifunguliwe. Muulize muuzaji kama ilifanyika na nani aliifunga, maana ikifungwa vibaya silikoni iliyozidi inaweza kuziba njia ya oili. Omba picha za chini ya gari, hasa kama limetoka mikoa ya Japani yenye theluji, chumvi ya barabarani inakula chuma. Plagi zake ziko ubavuni, si juu, kwa hiyo fundi asiyeijua boksa, yaani injini hiyo ya silinda zilizolala, atakuchubua. Tafuta aliyezoea Subaru. Mkandamizo wa injini ni mkubwa, 12.5 kwa 1, usiwekewe mafuta ya kidumu hata siku moja. Na kama klachi huijui, jifunze kwenye gari la mtu mwingine kwanza.

MzeeWaKondoa

Binti yangu, nunua. Rav4 utainunua ukishapata watoto.

DerevaMtumba

Dada, mimi nakupa la barabarani tu. Gari jepesi linalosukuma kwa nyuma litakufundisha, lakini litakufundisha kwa ukali kama hulijui. Hatari kubwa ya Dodoma ni mvua ya kwanza, Novemba au Desemba. Miezi saba vumbi na matone ya oili vimekaa juu ya lami, mvua ya dakika kumi inavigeuza utelezi mtupu. Siku hiyo usikanyage mafuta katikati ya kona. Punguza spidi kabla ya kuingia, pita na mguu mwepesi, usukani ukishanyooka ndipo ukanyage. Nyuma ikianza kukimbia, usiachie mafuta ghafla na usikamate breki. Tazama unakotaka kwenda, mikono itafuata macho. Na usizime kile kidhibiti cha utelezi mpaka umeendesha mvua moja nzima kikiwa kimewashwa.

Tairi angalia tarehe yake, ile namba nne pembeni. Magari ya Japani yanakuja na tairi yenye kina kizuri lakini ya miaka minane, imekauka. Kwa gari la kawaida utasukuma siku. Kwa hilo lako, badilisha kabla hujatoka Dar.

BintiIyumbu

Nimenakili yote, asanteni sana. Kuna moja ya 2014, gia ya mkono, nimeiona na picha zake za chini zipo, kuna kitu kama kutu karibu na mkono wa nyuma wa kushoto. Fundi, Jumamosi uko gereji? Nikuletee uzitazame kabla sijajibu muuzaji.

FundiNkuhungu

Nipo mpaka saa kumi jioni. Njoo na simu yenye chaji, tuzikuze tuone kama ni kutu ya juu au imeshaingia kwenye weldingi. Kama imeingia kwenye weldingi, tunaliacha hilo na kutafuta jingine.